FEBRUARI NA SIKU YA WAPENDANAO: TUSIWASINGIZIE HATA WARUMI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila ikikaribia tarehe 14 Februari, ule ujumbe unarudi kwenye makundi ya WhatsApp. Mnaujua. Unasema mfalme wa Roma, Claudius wa Pili, alikataza askari wake kuoa, padri Valentine akawa anawafungisha ndoa kwa siri, akakamatwa na kuuawa. Mwingine unasema vijana wa Kirumi walikuwa wanachukua kwenye sanduku karatasi zenye majina ya wasichana, kisha Papa akaibatiza sherehe hiyo na kuiita Valentine. Unaishia na "sambaza kwa Waislamu wote".

Na sisi masheikh tunausoma kwenye mimbari kama ulivyo. Leo nataka tuutazame vizuri, maana Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi. Aya haikusema tuhakiki habari za Waislamu peke yao.

Tuanze na mwezi wenyewe. Mwaka wa Warumi wa zamani ulianza Machi. Ndiyo maana jina la Septemba kwa Kilatini linatokana na saba na la Desemba linatokana na kumi, ingawa leo tunahesabu 9 na 12. Februari ulikuwa mwezi wa mwisho, na jina lake linatokana na februa, vitu walivyotumia kujitakasa kabla ya mwaka mpya. Ndani ya mwezi huo, tarehe 15, walikuwa na sherehe inayoitwa Lupercalia. Walichinja mbuzi na mbwa, kisha wanaume wakakimbia mjini karibu uchi, wakiwachapa watu kwa vipande vya ngozi ya mbuzi. Wanawake walijitokeza wachapwe, wakiamini watapata uzazi. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), Mark Antony alikuwa miongoni mwa waliokimbia, na siku hiyo hiyo akamtolea Julius Caesar taji la ufalme. Caesar akalikataa. Mwezi uliofuata wakamuua.

Hayo yameandikwa na Warumi na Wagiriki wa zama zile. Sanduku la majina ya wasichana halimo. Habari hiyo ilienezwa na waandishi wa Uingereza karne ya 18, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Lupercalia kwisha. Papa Gelasius, mwishoni mwa karne ya 5, ni kweli aliandika kuwakemea Wakristo wa Roma waliokuwa bado wanaishikilia Lupercalia. Lakini hakuna maandishi yake yanayosema aliiweka Valentine mahali pake.

Je, Valentine mwenyewe? Wapo angalau wawili wa jina hilo, padri wa Roma na askofu wa mji wa Terni, wote wanahesabiwa kuwa waliuawa karne ya 3. Visa vya zamani vya kifo chao havitaji ndoa za siri za askari. Kanisa Katoliki lenyewe, mwaka 1969, liliiondoa sikukuu yake kwenye kalenda yake ya jumla, kwa kuwa linalojulikana kwa uhakika juu yake ni kidogo mno. Majirani zetu Wakristo hapa Manchira na Mugumu, wengi wao ni Wakatoliki. Ukimwambia mmoja wao kwamba hiyo ni ibada ya kanisa lake, atakushangaa, na ana haki.

Basi mapenzi yaliingia wapi? Yaliingia kwa mshairi. Mwishoni mwa karne ya 14, Mwingereza Geoffrey Chaucer alitunga shairi refu la ndege wanaokutana siku ya Valentine kuchagua wenza wao. Hakuna maandishi ya wazi ya kabla ya zama zake yanayofunga siku hiyo na mapenzi. Matajiri wa Ulaya wakaipenda, wakaanza kuandikiana. Mwaka 1840 Uingereza ikashusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja, kadi zikawa za kila mtu, na Marekani viwanda vya kadi vikafuata. Ibada ya masanamu haikufanya kazi hapo. Ilifanya biashara.

Na biashara hiyo imefika mlangoni kwetu. Vuka mpaka hapo Sirari, nenda mpaka Naivasha, Kenya. Wiki za kuelekea tarehe 14 ndizo za pilikapilika kubwa kwenye mashamba yale ya maua. Mawaridi yanakatwa na kupandishwa ndege kwenda Uholanzi na Uingereza. Mvulana wa London anampa mchumba wake ua lililokatwa na mwanamke wa Kiafrika, na sisi tunadhani tunaiga mila ya Wazungu. Maua ni yetu, faida ni yao!

Kuna atakayesema: "Sheikh, unaitetea Valentine." Hapana. Hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Abu Daud inatosha: Mtume (s.a.w.) alifika Madina akakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawafahamisha kwamba Allah amewabadilishia kwa zilizo bora zaidi, Idi mbili. Ongeza zinaa inayofanyika usiku wa tarehe hiyo, na mabinti zetu wa sekondari wanaodanganywa kwa keki na soda. Dalili zipo. Kwa nini uzitie nguvu kwa kisa cha kubuni? Kijana wa kidato cha tatu mwenye simu atakihakiki kabla hujashuka kwenye mimbari. Akikuta umemdanganya kuhusu Claudius, atakuamini vipi kuhusu zinaa?

Tena tujihadhari na hoja ya asili peke yake. Jina Februari limetoka kwenye utakaso wa makafiri, na bado tunaliandika kwenye vyeti vya ndoa bila shida. Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, wana Mwaka Kogwa kila Julai, asili yake Nairuzi ya Waajemi. Linalotazamwa ni watu wanafanya nini siku hiyo na kwa itikadi gani.

Mkitaka siku ya Februari ambayo asili yake haina utata, ipo tarehe 5. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwisho wa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Miaka kumi baadaye, 1977, TANU na ASP zikaungana kuwa CCM tarehe hiyo hiyo, na iliteuliwa kwa makusudi. Ni siku ya siasa, uipende usiipende, lakini walioichagua wanajulikana, na mkubwa wao ni mtu wa mkoa wetu, wa Butiama.

Limebaki swali la ndugu aliyeniandikia inbox, kama anaruhusiwa kumnunulia mkewe zawadi tarehe 14. Ndugu yangu, mnunulie tarehe 13. Mnunulie na tarehe 20, mvua za masika zikikaribia na jembe limemchosha. Akikuuliza sababu, mwambie huna.

Wallahu aalam.