Mfiadini
Neno hili limejengwa juu ya kitenzi kufia, si kuua: mfiadini hutoa uhai wake, haugusi wa mwenzake. Kwa Wakatoliki wa Nachingwea na Ruangwa, historia yake iko jirani. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa karibu na Liwale wakielekea Peramiho. Ilikuwa wakati wa Vita vya Maji Maji. Waliowaua walikuwa wamechoshwa na ukoloni wa Kijerumani, na hilo lisifichwe. Nalipenda neno hili kuliko “shujaa”, ambaye husifiwa kwa aliowashinda. Mfiadini haikani imani yake, wala haombi kulipiziwa kisasi. Liandikwe kama neno moja; wingi wake ni wafiadini.