Ua la Pareto na Mafuta ya Ufuta

Tangu kale binadamu amepambana na mbu kwa majani. Watu wa pwani hupanda kivumbasi karibu na nyumba, na jioni huyafukiza majani yake ili harufu ya mafuta yaliyomo imkimbize mdudu. Lakini harufu hufukuza tu. Ua la pareto, jeupe lenye kiini cha manjano, huua: sumu yake huvuruga mishipa ya fahamu ya mbu, naye hutetemeka na kuanguka.

Asili ya pareto ni Dalmatia, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Ilisambaa hadi Japani, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 unga wake ulitiwa katika ile dawa ya mbu iliyojizungusha kama konokono. Kenya ilianza kuilima mwishoni mwa miaka ya 1920. Japani ilipoingia vitani mwaka 1941, majeshi ya Uingereza na Marekani yaliitegemea sana pareto ya Kenya.

Mwaka 1940 lilikuwa limegunduliwa jambo la ajabu. Mafuta ya ufuta, haya haya ya kupikia, yakichanganywa na pareto huiongezea nguvu, kwa kuwa humzuia mdudu asiivunje sumu mwilini mwake. Makopo ya kupulizia waliyopewa askari wa Marekani yalikuwa na pareto na ufuta pamoja.

Kisha ikaja DDT, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi. Ilikuwa rahisi, tena ilidumu ukutani kwa miezi, ilhali pareto huharibiwa upesi na jua. Kudumu huko ndiko kulikogeuka kuwa lawama: mwaka 1962 Rachel Carson alionya katika kitabu chake Silent Spring, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi yake mashambani. Mwaka uliofuata, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa iliyoigwa kutokana na sumu ya pareto, ila hii jua haliiwezi. Baadaye dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vyetu.

Hapa ndipo historia hii inaponigusa. Kwetu ni nyanda za juu, ambako baridi huistawisha pareto na kumfukuza mbu. Marehemu mama alichuma maua hayo moja moja, akayaanika, akayabeba mgongoni hadi kwenye mizani. Karo yetu ilitoka humo. Malipo yalipoanza kuchelewa msimu baada ya msimu, aling'oa mashina akapanda viazi. Sikumsikia akilalamika, alisema tu kwamba viazi, visiponunuliwa, huliwa. Kenya, iliyowahi kutoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, iliporomoka, na kisiwa cha Tasmania huko Australia kikashika nafasi yake. Tanzania nayo ingali inalima.

Lakini mbu naye ana shule yake. Amezoea dawa za vyandarua, na sehemu nyingi za Afrika haziwezi tena kumwangusha kama zamani. Wanaodhani kwamba dawa ya asili haina tatizo hilo wakumbuke kuwa ua na nakala yake hupiga mahali pamoja mwilini. Mbu aliyezoea nakala aweza kulistahimili hata ua lenyewe.

Ndipo watu wakaurudia ule ujanja wa ufuta. Miaka ya 1940 wataalamu walikuwa wametengeneza dawa ya kufanya kazi ya ufuta, piperonili butoksidi, wakianzia na safroli inayopatikana katika mafuta ya mimea. Huko Muleba, mkoani Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hiyo pamoja na permethrini viliwakinga watoto na malaria kuliko vile vya permethrini peke yake.

Basi hakuna dawa iliyomaliza vita hivi, iwe ya shambani au ya maabara. Kila moja imesimama juu ya bega la mwenzake. Mabega mengine hayakuandikwa vitabuni. Mama hakuwahi kuugua malaria wala kumiliki chandarua, lakini naamini wako watoto wa mabondeni waliolala salama kwa sababu ya vidole vyake.