Majina ya Kampaundi za Kikemia

Majina ya kampaundi za kikemia ni utaratibu wa kuipa kila kampaundi jina linaloonyesha elementi zilizomo na jinsi zilivyoungana. Msingi wake uliwekwa Paris mwaka 1787 na wanakemia Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Kanuni za leo husimamiwa na IUPAC, umoja wa kimataifa wa wanakemia ulioundwa mwaka 1919.

Kampaundi za ioni, ambazo kwa kawaida huunganisha metali na simetali, hutajwa kwa majina ya ioni zake bila kuhesabu atomu. Ioni hasi ya elementi moja huishia na -idi. Chumvi ya mezani, NaCl, ni kloridi ya sodiamu. CaCl₂ ni kloridi ya kalsiamu tu, kwa kuwa chaji za ioni zenyewe hulazimisha uwiano wa 1 kwa 2. Kiswahili hutanguliza ioni hasi ilhali fomula huanza na metali, hivyo msomaji awe mwangalifu. Metali yenye chaji zaidi ya moja huongezewa namba ya Kirumi: FeCl₂ ni kloridi ya chuma(II), FeCl₃ ni kloridi ya chuma(III). Kuiacha namba hiyo ni kosa kubwa, maana hizo ni dutu mbili tofauti.

Katika kampaundi za kovalenti, simetali kwa simetali, idadi ya atomu hutajwa kwa viambishi kama mono-, di- na tri-. CO₂, iliyomo katika pumzi tunayoitoa, ni dioksidi ya kaboni. CO, sumu isiyo na harufu itokayo kwenye jiko la mkaa, ni monoksidi ya kaboni. Maji (H₂O) na amonia (NH₃) hubaki na majina yake ya mazoea.