Sumu ya Mshairi na Makunyanzi ya Uso

Wahenga walionya kuwa sumu haionjwi. Tabibu mmoja wa Ujerumani aliionja, na kwa kuwa alikuwa mshairi pia, ameacha nyuma yake urithi wa aina mbili. Justinus Kerner (1786–1862) alikuwa mganga wa mji mdogo wa Weinsberg, katika ufalme wa Württemberg. Mashairi yake kumi na mawili yalitiwa muziki na Robert Schumann mwaka 1840. Ama ile sumu aliyoichunguza, leo hudungwa katika mapaji ya nyuso za watu wasiopata kulisikia jina lake.

Zama za Kerner, watu wa Württemberg walikuwa wakifa kwa kula soseji za damu zilizoharibika. Alikusanya habari za wagonjwa kwa subira, na mwaka 1822 akachapisha maelezo ya wagonjwa 155. Kinywa hukauka, macho huona viwili viwili, kope huanguka, na viungo hulegea mpaka pumzi ikakatika, ilhali akili hubaki timamu. Aliijaribu sumu hiyo kwa wanyama, kisha akaidondoza kwenye ulimi wake mwenyewe. Hatimaye akaandika wazo lililokuwa geni wakati huo, kwamba sumu hiyo, ikitolewa kwa kiasi kidogo mno, huenda ikautuliza mwili ambao mishipa yake ya fahamu imechafuka.

Wazo hilo lilisubiri karne moja na nusu. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliohudhuria mazishi walikula paja la nguruwe lililotiwa chumvi, na watatu kati yao wakafa. Kwa mkasa huo Emile van Ermengem akakigundua kijidudu kinachozalisha sumu, ambayo jina lake, botulini, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mwaka 1949 ikabainika kuwa sumu hiyo huzuia ujumbe usitoke kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli. Huko San Francisco, Alan Scott akaitumia kunyosha macho yenye makengeza pasi na kisu, akatangaza matokeo yake mwaka 1980, na Marekani ikaidhinisha tiba hiyo mwaka 1989.

Urembo ulikuja kwa bahati. Mwaka 1987, daktari wa macho wa Vancouver, Jean Carruthers, alikuwa akimtibu mwanamke ambaye kope zake zilifumba bila ya hiari. Mgonjwa huyo akaomba adungwe pia kati ya nyusi, kwani kila alipodungwa hapo uso wake ulionekana hauna dhiki. Jean na mumewe Alastair, tabibu wa ngozi, wakachapisha utafiti wao mwaka 1992. Mwaka 2002 Marekani ikairuhusu Botox kwa mistari ya kati ya nyusi.

Sindano ya pili ina nasaba nyingine, nayo haikuja kulegeza bali kujaza. Mwaka 1893 Neuber alijaza mabonde ya makovu kwa mafuta yaliyotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Kisha ikaja parafini, na watu wakalipa gharama yake. Gladys Deacon, mrembo aliyesifiwa Ulaya nzima na ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough, alitiwa nta hiyo puani. Ikateremka kuelekea kidevuni, akaishi na uso ulioharibika hadi kifo chake mwaka 1977. Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha kolajeni ya ng'ombe, iliyohitaji kujaribiwa kwanza mkononi kwa kuhofia mzio. Iliyoshika nafasi yake ni asidi ya hialuroniki, iliyogunduliwa na Karl Meyer na John Palmer mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Ilianza kutumika usoni Ulaya mwaka 1996, na Marekani ikaikubali mwaka 2003.

Basi mwenye kutaka kuchagua, na atazame kwanza kunyanzi lake limetokana na nini. Mistari inayojitokeza mtu akikunja uso au akicheka ni kazi ya misuli, na hiyo ndiyo milki ya botulini, ambayo nguvu yake hudumu miezi mitatu au minne. Mistari inayobaki hata uso ukitulia, na mashavu yaliyobonyea, huhitaji kujazwa, na kijazo huweza kukaa miezi sita, mwaka, au zaidi. Kila moja ina hatari yake. Botulini ikipotea njia huangusha kope, na hapana budi kungoja nguvu yake iishe. Asidi ya hialuroniki huweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya, lakini ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuua ngozi au kupofua jicho. Kwa hiyo mkono unaoishika sindano ni jambo la kuulizwa kabla ya jina la dawa.

Kerner mwenyewe alizeeka macho yake yakififia. Wino ulipomdondoka karatasini, aliikunja karatasi, akaikunjua, akatazama doa limekuwa umbo gani, kisha akalitungia shairi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1890, miaka ishirini na minane baada ya kufa kwake. Mtu aliyeonyesha njia ya kuiondoa mikunjo usoni aliumaliza umri wake akiisoma mikunjo ya karatasi.