Siku ya Kwanza ya Safari

Msomaji wangu, ukiwaona maskauti wa Njoro waendao Nyeri kwa miguu, kulizuru kaburi la Baden-Powell aliyefariki mwaka 1941, wametua mizigo yao mapema siku ya kwanza, usiwadhanie wavivu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Mombasa nayo ilipiga kambi ya kwanza karibu na mji. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua, na, tusifiche, aliyelewa alingojewa. Mpagazi alibeba ratili 60 hivi, yaani kilo 27, pengine zaidi. Mzigo uliofungwa vibaya ulifungwa upya papo hapo, kwa maana huko mbele, nyikani, aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa njiani.