Kunakili Kanda za Takwimu: Mfano wa Ngara na Biharamulo

Sensa ya kwanza ya Tanzania Bara baada ya uhuru ilifanyika mwaka 1967. Ngara na Biharamulo zilikuwa wilaya za Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao ulipewa jina la Kagera mwaka 1979. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi mashine hizo zilibaki chache, tena karibu zote Dar es Salaam. Sensa za 1978 na 1988 zilifanyika katika mazingira hayo.

Kwa takwimu nyingi kama za sensa, chombo cha kuhifadhia kilichotumika zaidi duniani zama hizo kilikuwa kanda ya sumaku: utepe wenye upana wa nusu inchi, futi 2,400 kwa kawaida, uliozungushwa kwenye rili. Kuanzia 1964, IBM ilipotoa System/360, kanda ya njia tisa ndiyo iliyoenea.

Kanda haiandikwi mfululizo bila nafasi. Taarifa hukaa katika mafungu, na kati ya fungu na fungu huachwa pengo tupu ili mashine ipate kusimama na kuondoka tena. Katika msongamano wa herufi 1,600 kwa inchi, rekodi ya mtu mmoja yenye herufi 80 huchukua inchi 0.05, lakini pengo linaloifuata ni inchi 0.6, yaani mara kumi na mbili ya rekodi yenyewe. Mwaka 2002 Ngara ilihesabiwa watu 334,939. Kufikia sensa hiyo fomu zilikuwa zikisomwa na skana, ila idadi hiyo inafaa kwa kupigia hesabu. Kila mtu akiandikwa peke yake, wilaya hiyo moja ingehitaji rili nane. Rekodi zikifungwa mia mia katika fungu moja, wote wanaenea kwenye futi zipatazo 1,560, na rili moja inabaki na nafasi. Kwa hiyo ukubwa wa fungu ulikuwa jambo la kwanza kuulizwa na kila aliyepokea kanda ya mtu mwingine.

Rili moja ilibeba mafaili mengi, na hapo ndipo kazi ya kunakili ilipokuwa na mitego. Baada ya kila faili mashine huandika alama ya mwisho wa faili, na alama mbili zikifuatana huwa ni mwisho wa taarifa zote. Kanda zenye lebo za mtindo wa IBM huongeza faili dogo la utambulisho kabla ya data na jingine baada yake, kwa hiyo kinachoitwa faili moja kwenye orodha ni matatu kwenye kanda.

Kwenye mfumo wa Unix, chombo kilichozoeleka kwa kazi hii ni amri ya dd, iliyokuwapo tangu toleo la tano, mwaka 1974. Hupewa jina la mashine ya kusomea, jina la mashine ya kuandikia na ukubwa wa fungu, kisha husoma mpaka ikutane na alama ya mwisho wa faili, ikasimama. Faili moja, basi. Ili kupata la pili amri hurudiwa, na hapo jina la mashine lazima liwe lile lisilorudisha kanda mwanzo. Mwendeshaji akitumia jina la kawaida, kanda hujirudisha kila mara, akanakili faili la kwanza mara kumi, kila moja juu ya lililotangulia, bila ujumbe wowote wa kosa. Kwa kawaida amri huwekwa katika kitanzi kinachokoma pale dd inaporipoti kuwa imesoma mafungu sifuri. Ukubwa wa fungu ukitajwa mdogo kuliko uliomo kwenye kanda, usomaji hushindwa. Ukitajwa mkubwa, hakuna madhara, maana kila fungu hupita kwa urefu wake. dd hiyohiyo hugeuza pia herufi za IBM kuwa za ASCII, lakini hilo ni la hatua ya baadaye: nakala ya kwanza yafaa ibaki kama asili ilivyo.

Toleo la Unix liitwalo 4.3BSD lilileta amri ya tcopy, inayobeba kanda nzima pamoja na alama zake mpaka ikutane na alama mbili, na inaweza kulinganisha nakala na asili ikimaliza. Hata hivyo kinga bora dhidi ya uzembe ilikuwa pete ya plastiki nyuma ya rili. Ikiondolewa kwenye kanda ya asili, mashine hukataa kuandika juu yake, hata mwendeshaji akibadilisha majina ya mashine mbili.

Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulioanza 1991 ulikuta kompyuta ndogo zimeshaingia. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za mkoa, Ngara na Biharamulo zikiwemo, hadi mara nne kufikia 1994. Watu walewale walitafutwa tena mwaka 2004 na 2010, na mafaili ya utafiti huo sasa yanapatikana kwenye mtandao. Sampuli za sensa za 1988, 2002 na 2012 zimo katika hazina ya IPUMS ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Nakala isiyo na dosari bado yahitaji kitabu cha misimbo, kinachoeleza kila namba ina maana gani, maana hata jina la wilaya laweza kubaki lilelile na mipaka ikabadilika. Biharamulo ilikuwa na watu 410,794 mwaka 2002 na 323,486 mwaka 2012, kwa sababu katikati hapo Chato ilikatwa ikawa wilaya. Ngara nayo ilishuka hadi 320,056 bila kumegwa. Sababu ni kwamba kambi za wakimbizi zilizofunguliwa huko baada ya machafuko ya Burundi ya 1993 na ya Rwanda ya 1994 zilikuwa zimeshafungwa.