Kutoka msaragambo hadi ankara: nani amelipia maji ya Moshi

Mfongo wa Kichaga, yaani mfereji wa kumwagilia, haukuwa na mweka hazina, lakini kila mdaiwa alijulikana. Mvua za masika zikibomoa banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mzee wa mfongo alipitisha mbiu, na alfajiri yake kila kaya iliyomwagilia kwa maji hayo ilitoa mtu mwenye jembe. Asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi ya pombe ya mbege, na aliyezoea kukwepa alirukwa zamu. Somo la umuhimu wa kuchangia halikuhitajika, maana ulezi wa mkwepaji ulinyauka huku wa jirani ukistawi.

Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi kwa Mangi (mtawala) Rindi mwaka 1884, aliandika kwa mshangao juu ya mifereji hii. Alikuwa na sababu. Mito ya Kilimanjaro hupita ndani ya makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo iliyo katikati yake. Kumpatia maji mtu wa mgongoni, ilibidi mto uzibwe mbali huko juu kwa mawe, magogo na migomba, kisha maji yaongozwe ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo sana mpaka yatokeze kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba. Sehemu nyingine yalikusanywa usiku kwenye bwawa dogo, nduwa, yakafunguliwa mchana kwa zamu. Kazi ya namna hiyo haiishi; mfongo usioguswa msimu mmoja hujaa udongo.

Tusiupambe mno, hata hivyo. Ukoo uliochimba mfongo ndio ulioanza kupata maji, na wageni walingoja. Wanawake, waliochota maji ya nyumbani kila asubuhi, hawakuwa na kiti kwenye kikao cha kugawa zamu. Haki ya mfongo ilikuwa haki ya wanaume wenye vihamba.

Mji wa Moshi tunaoujua ulizaliwa nje kabisa ya utaratibu huo. Moshi ya kwanza iko mlimani, ndiyo Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, biashara ikashuka kuifuata, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao wakahamishia utawala huko chini. Ukawa mji wa makarani, wenye maduka, wafanyakazi wa reli na vibarua, watu wasio na ukoo mmoja wala banio moja. Usingeweza kuendeshwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kila kaya. Ulihitaji mabomba, na mabomba yalihitaji fedha taslimu.

Mkoloni aliitazama mifongo kwa jicho la kushuku. Tambarare kulikuwa na mashamba ya mkonge ya walowezi, kisha miwa ya Arusha Chini, na kila aliyekuwa chini alilalamika kwamba aliye juu anamaliza maji. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ilimtuma mwanajiolojia Edmund Teale pamoja na Clement Gillman, mhandisi wa reli, kuchunguza namna ya kuyadhibiti maji ya Jimbo la Kaskazini. Mwelekeo wa wataalamu wa enzi hiyo ulikuwa kwamba mfereji wa udongo unapoteza maji na unahitaji bodi ya serikali kuusimamia. Kwamba tayari ulikuwa na usimamizi wake, tena wenye meno, ni jambo ambalo ofisini halikupewa uzito.

Fedha ya kujenga ilitoka kwenye kahawa. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya kahawa ya mlima mzima na kuiuza kwa pamoja. Wengi husimulia KNCU kama habari ya bei na minada. Mimi naiona pia kama habari ya kodi. Kahawa ikipita mlango mmoja, ushuru unaweza kukatwa palepale kabla mkulima hajapokea chake, bila askari wa kodi kuzunguka vijijini. Ushuru huo uliipa Halmashauri ya Wachaga uwezo ambao halmashauri nyingi za Tanganyika hazikuwa nao. Kuanzia 1941 kulikuwa pia na ukanda wa msitu wa nusu maili kwa ajili ya matumizi ya wananchi, kwa hiyo msitu unaolinda mabanio na mfuko unaoyahudumia vilikuwa karibu na mikono ileile. Miaka ya 1950, kahawa ikiwa na bei nzuri na Thomas Marealle akiwa Mangi Mkuu, shule zilijengwa, barabara zikachongwa, na mabomba yakaanza kupita pembeni mwa mifongo ya zamani.

Kisha ukaja uhuru, na ndani yake ahadi ambayo ni vigumu kuilaumu: maji yasiwe ya mwenye fedha tu. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kuhakikisha kuwa kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini anapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kijiji hakikutakiwa kuchangia. Ujenzi ulilipiwa na Hazina na wafadhili, Sweden ikiwa mstari wa mbele, na uendeshaji nao ukabebwa na serikali.

Lililofuata ndilo ninaloliona kuwa kiini cha habari yote. Umangi ulikuwa umeshafutwa mwaka 1963. Mwaka 1972, kwa sera ya madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji hazikukawia kufuata. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, KNCU ikiwemo. Ndani ya muda mfupi Kilimanjaro ilipoteza chombo kilichokata ushuru na chombo kilichoutumia. Mabomba yalibaki, lakini hayakuwa na mwenyewe. Mhandisi wa maji wa mkoa alitegemea kasma kutoka Dar es Salaam, na kidogo kilicholipwa na wateja wa mjini kilikwenda Hazina, hakikurudi kununua hata koki. Mwishoni mwa muongo ule, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha na hiyo kasma. Bomba likipasuka mlimani, hapakuwa na mzee wa kupitisha mbiu, maana bomba lilikuwa la serikali.

Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978 na za wilaya katika miaka ya 1980, KNCU pia, ila kahawa haikurudi ilivyokuwa. Mwaka 1991, mwaka uleule ambao kila mtu alipaswa kuwa na maji mita 400 kutoka mlangoni, sera mpya ya maji ilikiri kwamba mtumiaji lazima achangie.

Moshi ilikuwa miongoni mwa miji iliyonufaika mapema na mwelekeo huo. Sheria ilirekebishwa mwaka 1997 kuruhusu mamlaka za maji za miji zinazojitegemea, na mwaka uliofuata mamlaka ya Moshi, MUWSA, ikaanza kazi kwa sura hiyo. Ruhusa iliyobadilisha mambo ilikuwa fupi: fedha unayokusanya ibaki kwako. Ghafla mita ilikuwa na maana. Karibu kila mteja akafungiwa, uvujaji ukawa hasara inayoonekana kwenye daftari la mamlaka yenyewe, na MUWSA ikaingia daraja la kwanza, la mamlaka zinazomudu gharama zote za uendeshaji. Taarifa za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zimeitaja mara kadhaa kati ya zinazofanya vizuri nchini.

Sifa hiyo ina mpaka wake. Ankara ya mkazi wa kata ya Majengo au Pasua inalipa umeme, dawa, mishahara na matengenezo. Haitoshi kulipa bomba kuu, matangi wala mabwawa ya majitaka. Hayo yamejengwa zaidi kwa fedha za serikali na za wafadhili, Wajerumani kupitia benki yao ya KfW wakiwa wametoa sehemu kubwa. Anayesema Moshi inajilipia maji yake anasema nusu ya kweli.

Upande wa wilaya ya Hai, Wajerumani haohao walijaribu njia iliyofanana zaidi na mfongo. Kuanzia miaka ya 1990 mabomba ya mserereko yalishushwa kutoka msituni, na kila mradi ukakabidhiwa kwa bodi ya watumiaji: Uroki-Bomang'ombe, Losaa-KIA, Lyamungo-Umbwe na mingineyo. Bodi ilichaguliwa na watumiaji, ikaajiri mafundi na kuuza maji kwa ndoo kwenye vioski. Walipinga wengi waliozoea maji ya bure, na upinzani huo ulikuwa halali. Maskini wa ndoo mbili kwa siku ndiye anayeihisi shilingi kwanza. Lakini koki zilitoa maji.

Tangu hapo mkondo umegeuka tena, taratibu. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanza kama ofisi mwaka 1991 na yenye makao yake Moshi, inataka kila mfongo uwe na kibali na ulipe ada, kwa hiyo ukoo unalipia mfongo uliochimbwa kabla nchi haijaitwa Tanganyika. Msitu wa mlima, pamoja na mabanio yake, umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Barabara za manispaa zilikabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019. Na kodi ya jengo, ambayo miji mingi duniani huitegemea, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: mpangaji wa mtaa wa Soweto mjini Moshi akinunua umeme, analipa kodi ya nyumba ya mwenye nyumba wake, na fedha inapanda kwanza ngazi ya taifa kabla ya chochote kushuka.

Miradi mikubwa ya mji sasa inakuja kwa mafungu. Mpango wa Benki ya Dunia wa kuimarisha miji 18, Moshi ikiwa mojawapo, uliweka lami, mitaro na taa za barabarani, na ulikuwa na sharti zuri kwamba halmashauri inayokusanya na kutumia vizuri ipewe zaidi. Mradi ulipokwisha, sharti likaenda nao.

Kwa sasa mazungumzo ya Moshi ni ya kuwa jiji. Kikwazo ni ardhi: manispaa ina kilomita za mraba zipatazo 59 tu, na sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 ndani yake. Kupanuka ni kuchukua vijiji vya Moshi Vijijini, vijiji vyenye mifongo. Mabomba ya MUWSA yalishaivuka mipaka hiyo zamani, yakichota chemchemi kama Shiri na kuhudumia watu ambao diwani wao hakai kwenye ukumbi wa manispaa. Kabla ya kubishania jina la jiji, ningetaka nione kwenye ubao wa kila kata namba mbili zikiwa pamoja: kodi ya jengo iliyokatwa kwenye LUKU za kata hiyo kwa mwaka, na kiasi kilichorudi.